Bahari Upande wa Dereva

Ronan aligundua mambo ya mama yake kwa sababu ya nyasi. Alikuja Jumapili kula chakula cha mchana, kama ilivyo ada, na baada ya kula akasimama dirishani jikoni na kikombe chake cha kahawa. Nje, kwenye shamba la nyuma, kulikuwa na michirizi miwili mipana iliyokwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, ikipita katikati ya marobota mawili ya nyasi kavu. Trekta haliachi alama za namna ile. Ronan alizitazama, akaweka kikombe chini.

"Mama, nani amemtoa Marguerite bandani?"

"Mimi," Solange akasema, huku anafuta meza. "Alihitaji kunyoosha miguu."

Marguerite hakuwa ng'ombe, ingawa jina lilikuwa la ng'ombe wa kwanza kuzaliwa katika zizi lao. Alikuwa gari-nyumba la tani nne na nusu, lenye kitanda, jiko, choo, na mapazia ya maua aliyoyashona Solange mwenyewe. Hervé, mumewe, alilinunua wiki ile ile aliyouza ng'ombe wake wa mwisho, akalipa jina ili zizi lisibaki tupu kabisa. Miaka kumi walizunguka nalo. Walifika Ureno, wakafika Norwe, wakavuka mpaka Moroko na kurudi na zulia ambalo mpaka leo linanuka kondoo. Sasa Hervé alikuwa na majira mawili ya baridi kaburini, na Marguerite alikuwa na muda kama huo bandani.

Ronan hakujibu kitu. Hapo ndipo Solange alipopaswa kushtuka, maana mwanawe akinyamaza huwa tayari ameshaamua. Wakati wa kuondoka alimbusu mama yake mashavu yote mawili, akachukua funguo zote mbili za Marguerite kwenye msumari ulioko mlangoni, akasema atalipeleka gari kwenye ukaguzi. Jumatatu asubuhi akapiga simu.

"Mama, nimeongea na mfanyabiashara mmoja wa magari kule Loudéac. Jumamosi nakuja kulichukua. Atalinunua kwa bei nzuri."

"Nani kasema nauza?"

"Una miaka sabini na moja."

"Najua. Nilikuwepo nilipozaliwa."

"Mama, hilo ni lori! Baba mwenyewe lilikuwa linamtoa jasho."

Tusimwonee Ronan. Kazi yake ilikuwa bima, mjini Rennes, na mtu wa bima huona ajali hata ndani ya birika la chai. Tena alikuwa amempoteza baba, akaapa moyoni kwamba mama hatampoteza kizembe. Lakini mtu anaweza kukupenda na bado akakukalia shingoni, na Solange alipokata simu alikuwa anatetemeka kwa hasira hadi miwani ikamteleza puani.

Alikuwa na sababu. Katika safari zote zile, bahari ambayo Hervé hakumpeleka hata mara moja ilikuwa bahari yao wenyewe, pwani ya Bretagne, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mlangoni kwao. Watu wa bara ndivyo walivyo. Wanazaliwa na kufa wakinusa mavi ya ng'ombe, na bahari iko pale nyuma ya vilima. Kila Solange alipoitaja, Hervé alicheka. "Ile iko pale pale, haihami. Tutaizunguka tukizeeka." Kisha mwezi mmoja wa Februari akaugua na kuondoka, mzunguko ule ukabaki ni maneno tu. Solange alimlilia, na hata katika kulia alikuwa amemkasirikia. Aliapa ataizunguka pwani ile kabla jina lake halijachongwa chini ya la Hervé kwenye jiwe.

Alasiri ile ile Odile alikuja, kama alivyokuja kila Jumatatu, na ramani chini ya kwapa. Odile alikuwa jirani yake, tarishi mstaafu, aliyesambaza barua miaka thelathini kwenye vichochoro ambamo hata mbwa wa huko walipotea. Alikuta meza ina mikate myembamba ya ngano nyeusi, siagi ya chumvi, na Solange amenuna.

"Nimesikia," Odile akasema. "Mwanao amempigia mume wa binti yangu kuuliza kama kichwa chako kiko sawa."

"Akamjibu nini?"

"Akamwambia kiko sawa kuliko changu. Sasa tunapanga nini, shoga yangu, na funguo ziko Rennes?"

"Tunapanga safari. Funguo ni habari ya Jumamosi. Kunjua ramani."

Odile akakunjua. Alikuwa ametia alama nyekundu kila mahali penye kizuizi, maana miji mingi ya pwani imekingamisha vyuma juu ya njia za kuingia viegesho vyake, kwa kimo cha mita mbili, ili magari-nyumba yasiingie. Marguerite ana kimo cha mita tatu na ushee. Ramani ilikuwa imejaa wekundu kama mtoto mwenye surua.

"Hawatutaki," Odile akasema.

"Hawatutaki sisi, lakini chumvi yao tunainunua. Tutalala hapa, hapa, na hapa. Na sikiliza vizuri: ukishaegesha, usitoe kiti nje. Wala meza, wala vile vigogo vya kusawazisha magurudumu. Ukitoa kiti tu, umepiga kambi, na polisi ana haki ya kukufukuza. Ukikaa ndani, umeegesha tu, kama mtu yeyote. Hervé alikula supu amepinda upande wiki nzima kule Ureno kwa sababu ya sheria hiyo."

"Kwa hiyo nitalala kichwa chini miguu juu?"

"Utalala na utakoroma, kama kawaida yako."

Walizozana kuhusu pa kuanzia. Watu wote huanzia kaskazini, kutoka Roscoff, wakishuka na bahari mkono wa kulia. Odile naye alitaka hivyo hivyo. Solange akakataa katakata. Miaka kumi alikuwa amekaa kiti cha kulia, kiti cha abiria, akisoma ramani, akimenya machungwa, akimwambia dereva jinsi mandhari yalivyo mazuri upande wake. Sasa dereva alikuwa yeye. Wangeanzia kusini, Concarneau, na kuizunguka pwani yote kama mshale wa saa, bahari ikiwa kushoto, upande wa dereva, mwanzo hadi mwisho.

"Ubinafsi huo," Odile akasema.

"Ndiyo, ubinafsi. Na ukikaa kulia wakati bahari iko kulia, wewe ndiye unayening'inia kwenye maporomoko. Umeyafikiria hayo?"

Odile aliogopa maporomoko tangu utotoni. Akatazama ramani, akatafuna, akameza. "Tuanzie Concarneau," akasema.

Kisha akauliza swali lililokuwa likimwasha. "Kama Ronan anaogopa umri wako, kwa nini nisiendeshe mimi? Mimi nimeendesha gari la posta maisha yangu yote."

"Huruhusiwi."

Solange akaenda kwenye kabati, akaleta leseni yake. Ilikuwa karatasi ya waridi iliyokunjwa mara tatu, laini kama kitambaa, na ndani yake picha ya msichana mwenye nywele ndefu na uso wa kutafuta ugomvi. Tarehe ilikuwa ya mwaka 1973. Aliyepata leseni kabla ya Januari ya 1975 ameachiwa haki ya kuendesha gari-nyumba hata likiwa zito vipi. Waliokuja baadaye mwisho wao ni tani tatu na nusu, mpaka wakafanye mtihani mwingine. Hervé ndiye aliyemburuta mpaka ofisi ya leseni wakaandikiwe haki hiyo wote wawili, siku waliyomnunua Marguerite. "Mimi nikianguka," alisema, "wewe ndiye dereva."

"Mimi yangu ni ya 1976," Odile akasema polepole. Halafu macho yakamtoka. "Solange. Ronan alipata yake lini?"

"Ronan amezaliwa 1980."

Walitazamana. Odile akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. "Utamwambia?"

"Kwani ameniuliza? Angeuliza, ningemwambia. Yeye ameamua tu. Mwache aje."

Siku nne zilizofuata walifanya kazi kimyakimya. Mlango wa nyuma wa Marguerite ulikuwa na ufunguo wake wa peke yake, na huo Ronan hakuujua. Waliingiza makopo ya samaki, viazi, blanketi, dawa za presha za wote wawili na chupa sita za mvinyo wa tufaha. Solange alijaza maji. Mazoezi hayakuhitajika tena. Wiki nzima kabla ya Jumapili ile alikuwa ameyafanya shambani kati ya yale marobota, aliyoyapanga kwa upana uleule wa nguzo za lango lao. Na kabla ya hapo, kwa miaka kumi, alikuwa amesimama nyuma ya gari lile akimwongoza Hervé kwa mikono, rivasi baada ya rivasi. Hervé alijua kukanyaga mafuta. Upana wa Marguerite aliyeujua, hadi upana wa kidole, alikuwa yule aliyesimama nje.

Jumamosi saa tatu Ronan akafika. Aliwakuta wanawake wawili wamekaa kwenye ngazi ya mlango na mabakuli yao ya kahawa, wamevaa viatu vya safari.

"Mama, usininunie. Mimi nitaendesha lile kubwa. Wewe utanifuata na gari langu dogo, unirudishe."

"Sawa," Solange akasema.

Ronan alishangaa kidogo kwamba hakuna vita. Akafungua banda, akapanda, akarekebisha kiti, akatafuta pa kutia funguo. Solange alimaliza kahawa yake kwanza. Ndipo akanyanyuka, akaenda mpaka dirishani kwa dereva.

"Kabla hujawasha, nionyeshe leseni yako."

"Leseni gani tena? Naendesha tangu nina miaka kumi na minane."

"Nionyeshe tu, mwanangu."

Akaitoa, ile ndogo ya plastiki. Solange hakuishika. "Inakuruhusu uzito gani?"

"Ya kawaida. Tani tatu na nusu."

"Na Marguerite ana ngapi?"

Odile pale ngazini alijifanya anatazama kuku.

"Pale mlangoni kuna kibao," Solange akasema. "Kisome. Tani nne na nusu. Wewe ndiye mtu wa bima, kwa hiyo niambie: ukimgusa mwendesha baiskeli huko njiani, nani atalipa?"

Ronan aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Alishuka, akampigia mfanyabiashara wa Loudéac. Mfanyabiashara akasema dereva wao wa malori yuko likizo mpaka mwezi ujao, na wengine wote ni vijana, leseni zao ni kama yake. Ronan alizunguka uani na simu mkononi, akapiga jiwe teke, akarudi. Hata lile alilolisema baadaye alilisema akitazama chini.

"Basi... endesha wewe, Mama. Mpaka Loudéac tu. Polepole. Mimi nitakuwa nyuma yako."

"Kumbe naweza."

"Mama, tafadhali."

"Hapana, tuelewane. Jumatatu nilikuwa mzee, lori litaniua, na kichwa changu unakiulizia kwa watu. Leo kwa kukupelekea mali sokoni naweza?"

Ronan akanyoosha mkono, akampa ufunguo mmoja. Solange akaupokea, akamwambia, "Nitaendesha." Hakusema mpaka wapi, na Ronan hakuuliza. Tangu Jumapili ile hakuwa ameuliza kitu.

Lango lao lina nguzo mbili za mawe, na ile ya kushoto ina michubuko mitatu ya rangi nyeupe. Yote ya Hervé. Solange alikaa juu kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na bonde la makalio ya mumewe, akakitia mto, akawasha. Odile akapanda kulia na ramani yake. Marguerite akakohoa, akatulia. Solange alivuta pumzi, akatazama kioo cha kushoto, cha kulia, cha kushoto tena, akapita katikati ya nguzo zile bila kuzigusa. Alitaka kupiga kelele za furaha. Akazipiga.

Kutoka langoni mpaka mzunguko mkubwa wa barabara ni kilomita nne. Kibao cha Loudéac kinaelekeza upande mmoja, cha Gourin na kusini upande mwingine. Solange aliingia kwenye mzunguko, akaipita njia ya Loudéac. Nyuma, Ronan akapiga honi. Solange akazunguka mara ya pili, akaipita tena, taratibu, ili isije ikasemwa amekosea. Kisha akawasha taa ya kulia na kushika njia ya Gourin.

Simu ya Solange ikalia ndani ya mkoba. Odile akaipokea.

"Dereva haongei na simu akiwa barabarani," akasema. "Ndiyo sheria, bwana wa bima. Au hiyo nayo ni mpya kwako?"

Ronan hakugeuka. Katika Milima Myeusi yote, kupitia Gourin na Scaër, gari lake dogo lilikuwa pale kwenye kioo. Solange alimtazama kila baada ya kona. Mikono yake ilikuwa imetulia kwenye usukani, jambo ambalo lilimshangaza yeye mwenyewe.

Kabla ya saa sita bahari ikatokea. Ilitokea kushoto, upande wa dereva, baada ya nyumba ya mwisho, pana na ya kijani, na hakuna mtu aliyemsimulia. Solange aliiona kwa macho yake, kwa kutupia jicho tu maana barabara ilikuwa nyembamba, na machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Ona, Hervé, haijahama," akasema kwa sauti.

"Kulia hapo," Odile akasema, naye analia. "Kuna kiegesho kizuri."

Mahali pale hapakuwa na alama nyekundu kwenye ramani. Lakini mwisho wa kichochoro kile, kati ya kuta mbili za mawe, kilisimama chuma kipya kabisa, rangi bado inang'aa, mita mbili kamili. Pa kugeuzia hapakuwepo. Ilibidi kurudi nyuma mita hamsini, kuta zikiwa karibu kushikika kwa mkono.

Odile akashuka kuongoza. Akasimama nyuma kabisa katikati, mahali ambapo hakuna kioo kinachomwona, akaanza kupayuka. "Njoo! Hapana! Njoo kidogo! Mungu wangu!"

"Sikuoni, Odile! Kama mimi sikuoni, hupo!"

Solange alisimamisha gari. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi jasho lilimshuka mgongoni. Hapa ndipo hadithi yake ingeweza kuishia, amekwama kwenye kichochoro mbele ya macho ya mwanawe, na kesho Marguerite avutwe kwa kamba mpaka Loudéac. Alitazama kioo cha kushoto. Gari dogo la Ronan lilikuwa limerudi mpaka barabara kubwa. Mlango ukafunguka, Ronan akashuka na uso wake wa kutangaza hasara. Alitembea mpaka katikati ya kichochoro, akatazama kuta, akatazama chuma, akasimama nyuma ya Marguerite, nje ya kioo.

Solange akashusha dirisha, akatoa kichwa.

"Usinipe hotuba! Simama nikuone!"

Ronan akasogea hatua mbili kushoto, mpaka akaingia kwenye kioo, mzima mzima, akainua mikono yote miwili. Ndivyo alivyofanya akiwa mtoto wa miaka tisa, alipomwongoza baba yake kuingiza trela la nyasi ghalani. Mikono haikuwa imesahau. Njoo, njoo. Kushoto kidogo. Njoo. Marguerite akarudi nyuma kama ng'ombe anayejua zizi lake, sentimita kwa sentimita, mpaka Ronan akafunga ngumi: basi.

Solange alivuta breki ya mkono. Ronan alikuja mpaka dirishani. Alikuwa anahema kama ndiye aliyelisukuma.

"Nimegusa ukuta?" mama akauliza.

"Hapana."

"Sema vizuri."

"Hujagusa ukuta, Mama. Hata Baba angegusa."

"Angegusa mara mbili," Odile akasema kutoka nyuma.

Ronan alitazama ndani, akaona makopo, blanketi, chupa sita. Akatazama ramani yenye surua. "Mnakwenda mpaka wapi?"

"Mpaka Roscoff, kwa kuizunguka yote. Wiki tatu. Au nne."

"Na nikisema sitaki?"

"Hujaulizwa," Solange akasema.

Ronan alitazama bahari kidogo. Halafu akatoa simu, akampigia mtu wa Loudéac, akasema gari haliuzwi, samahani kwa usumbufu, hapana, si suala la bei. Akairudisha simu mfukoni, akatoa funguo zake. Ule wa akiba wa Marguerite ulikuwa umebanwa kwenye pete ya funguo pamoja na za nyumba yake, na kucha zake za ofisini zilihangaika nao muda mrefu. Solange hakumsaidia. Alisubiri na mkono wake nje ya dirisha, kiganja wazi, mpaka ufunguo ukatoka.